Naombeni ushauri: Benz C-Class W203, nichukue toleo la mwanzo au fesilifti?

Chuma_Chakavu:
Wakuu habari za muda huu. Natafuta gari ya kutembelea na moyo umeshaangukia kwenye Benz C-Class ile W203 (hilo ni jina la kiwandani la kizazi hicho), najua ni ya siku nyingi, najua pia kuna watakaokuja na "chukua Toyota upumzike", hiyo nimeisikia mpaka masikio yameota sugu kwa hiyo tuiweke pembeni kwa leo. Ninazo mbili mezani. Ya kwanza silva, mwenyewe anasema ni toleo la mwanzo, nyuma imeandikwa C180 Kompressor. Ya pili nyeusi, C200 Kompressor, huyu anaiita fesilifti, yaani ile iliyorekebishwa sura katikati ya uzalishaji, anasema ni ya 2005 na kwa sababu hiyo anataka hela ya ziada. Mimi kwa macho naona taa tofauti na bampa tofauti basi, sioni kingine. Naomba kujua zaidi ya sura kuna nini kilibadilika? Injini ni ile ile? Gia je? Na ipi itanitesa kidogo? Wenye uzoefu nifungueni macho kabla sijatoa hela.

MzeeWaSpana:
Karibu mkuu. Hapo ndipo wengi wanapopigwa, wanadhani siku waliyobadilisha taa ndio walibadilisha na kila kitu. W203 ilitoka 2000, fesilifti ikaja 2004, ikaondoka 2007 ilipoingia W204, kizazi kilichofuata. Sasa sikiliza, injini za silinda nne zilibadilishwa 2002 wakati gari bado ina sura ya zamani, na zile V6, za silinda sita, zikabadilishwa 2005 wakati sura mpya imeshaingia barabarani. Sura na injini havikubadilika pamoja, kwa hiyo taa haikwambii chochote kuhusu kilichopo chini ya boneti.

Chukua mfano wa hiyo C200 Kompressor. Za mwanzo zina injini ya M111, lita 2.0, bloku ya chuma. Kuanzia 2002 zina M271, lita 1.8, bloku ya aluminiamu. Zote mbili farasi 163, maandishi ya nyuma yale yale! Mtu anakwambia C200 wewe unawaza lita mbili kumbe ni 1796 cc. Na hiyo C180 Kompressor ni M271 hiyo hiyo yenye cc hizo hizo ila imepunguziwa presha ya supachaja (ile pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini, ndio hiyo Kompressor), farasi 143. Ile ya M111 ilikuwa C180 tupu bila neno Kompressor. Yaani inawezekana kabisa gari zako mbili zina injini moja.

fesi_mpya:
Mzee unamchanganya mwenzio. Fesilifti ni fesilifti, kampuni inarekebisha makosa ya mwanzo, kwani wao wajinga? Chukua nyeusi mkuu usijiulize mara mbili.

DadaPlagi:
@fesi_mpya kuna ukweli kidogo ila sio kwa sababu unayoisema. Mimi naendesha ya fesilifti na kabla yake nilikuwa na ya zamani kwa hiyo nazijua zote kwa kukaa ndani. Tofauti kubwa iko ndani, nje wamegusa taa, bampa, grili basi, milango na paa ni yale yale. Ukikaa kwenye ya zamani unakuta spidomita moja kubwa imejaa katikati na vingine vimejibana pembeni yake, fesilifti wameweka mishale kwenye duara zake zenyewe, zina pete za kung'aa kama saa ya mkono. Kati pale kwenye redio na vitufe vya AC napo wamepanga upya, plastiki zake zinashikika vizuri, ile ya zamani vitufe vyake ukivibonyeza unahisi vinataka kukudondokea mapajani.

Na kitu ambacho hakuna anayekisema mpaka ununue, redio haziingiliani. Ya zamani inatumia waya wa nuru wa mfumo wa D2B, fesilifti wakahamia MOST. Usije ukanunua redio nzuri ya W203 ukaja kuchomeka ikabaki pambo. Uliza kwanza ni ya mfumo gani.

MzeeWaSpana:
Dada kasema vizuri sana. Na hapo kwenye dashibodi ndio pa kukamatia waongo. Taa za mbele na nyuma, bampa, grili, mtu anabadilisha siku moja gari inakuwa na uso wa 2005. Dashibodi na pale kati ni kazi nyingine, wengi hawajisumbui. @Chuma_Chakavu hebu tupia picha ya ndani ya hiyo nyeusi.

KotiLaGrisi:
Mimi mtu wa gia nitaongea gia. Za silinda nne zote, za zamani na fesilifti, otomatiki yake ni 722.6 ya gia tano. Ile ya gia saba, 722.9, iliingia 2005 kwa V6 tu tena zile za kusukuma magurudumu ya nyuma, 4Matic, za kusukuma magurudumu yote manne, zilibaki na tano. Kwa hiyo kwenye gari zako hapa hakuna aliyemzidi mwenzake.

722.6 ni gia ngumu ikitunzwa. Adui yake wa kwanza ni ule msemo kwamba oili yake haibadilishwi maisha. Haina hata stiki ya kupimia, ukifungua kile kifuniko unakuta bomba tupu, fundi mwenye kazi yake anakuwa na stiki maalumu na anapima oili ikiwa kwenye joto linalotakiwa. Fundi akichungulia tu kwa macho akakwambia "oili ipo" mwondokee taratibu. La pili ingia chini ya gari uangalie ile plagi ya duara ya nyaya inapoingia kwenye gia boksi. Oringi zake zikichoka oili inavuja halafu inapanda ndani ya waya, ndani kwa ndani, inatembea mpaka kwenye kompyuta ya gia. Unaona gari imegoma imekwama gia ya pili unaambiwa gia boksi imekufa, kumbe ni oringi na plagi yenyewe.

Halafu hili linahusu zile za mwanzo, mpaka karibu 2003 hivi, kuna rejeta zilikuwa na tatizo ndani pale inapopozwa oili ya gia, maji yanachanganyika na oili. Dalili yake ukiwa unaenda mwendo wa kawaida mguu mwepesi kwenye mafuta unasikia gari inatetemeka kama vile unapita kwenye matuta madogo madogo. Kama silva ni ya miaka hiyo muulize mwenyewe rejeta imewahi kubadilishwa, na kama ni ile ile ya kuzaliwa nayo ibadilishe hata kama haina dalili.

fesi_mpya:
Sasa si ndio nilichosema, za mwanzo zina matatizo 😂

DadaPlagi:
Za mwanzo zina kutu pia, nikusaidie kumalizia 😂 Chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na kwenye buti pale karibu na taa za namba. Pitisha kidole chini ya mpira wa mlango sio kuangalia rangi kwa mbali. Za baadaye wakajitahidi.

Lakini ngoja nikuulize wewe unayependa fesilifti, C230 unaijua? Ya mwaka 2004 ni 1.8 ya M271 yenye supachaja, farasi 192. Ya kuanzia 2005 wakaweka V6 ya M272, lita 2.5, farasi 204, supachaja hakuna. Sasa hizo M272 za miaka ya mwanzo zina ugonjwa wa gia ya balansi shafti, ile shafti ya kutuliza mtetemo wa injini, meno yanalika taratibu, taimingi inahama, taa ya injini inawaka. Kuitengeneza lazima injini ishuke. Hiyo iko kwenye fesilifti tu, zamani wala haikuwepo. V6 ya zamani ya M112, ile ya C240 na C320, inavuja oili hapa na pale na inakula plagi 12 badala ya 6 kwa sababu kila silinda ina mbili, lakini haina huo ugonjwa. Kwa hiyo mtu anayetaka V6 mimi nitamwambia atafute sura ya zamani, akasirike asikasirike.

fesi_mpya:
Hapo kwenye M272 nimekuelewa dada. Lakini jamaa hatafuti V6.

mpita_njia77:
Toyota.

Chuma_Chakavu:
😂😂 nilijua tu.

Wakuu nimerudi. Mwenye nyeusi amenitumia picha za ndani baada ya kuzungushana sana na nimepata na chesesi namba za zote mbili. Nyeusi inaanza WDB2030422R, silva inaanza WDB2030462F, mwisho nimeficha. Picha ya dashibodi nimeweka hapo. Naona spidomita moja kubwa katikati…

MzeeWaSpana:
Hahaha haya sasa. Mkuu kwenye namba hiyo toa WDB halafu chukua tarakimu sita. Nyeusi ni 203042, hiyo ni C200 Kompressor ya M271 kweli, ingekuwa ya M111 ungeona 203045. Silva ni 203046, C180 Kompressor, nayo hajadanganya. Ile 2 inayofuata ni usukani wa kulia, herufi ni kiwanda, R ni East London Afrika Kusini, F ni Bremen Ujerumani. Usianze kuogopa R, gari ni ile ile.

Chesesi ya namna hii haina mwaka ndani yake, na muuzaji anajua hujui. Fanya hivi, nenda kwenye gari, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, chini karibu na unapofungwa kuna kitambaa kidogo kina tarehe ya kutengenezwa mkanda. Angalia ya mbele na ya nyuma zote. Mkanda unatengenezwa muda mfupi kabla ya gari kwa hiyo utajua mwaka bila kubishana na mtu.

Ila kwa dashibodi hiyo mimi nakwambia kabisa sio fesilifti. Ni ya sura ya zamani imevalishwa taa.

Chuma_Chakavu:
Nimeenda. Mikanda yote ya nyeusi ni 2003. Silva ni mapema 2004. Yaani hiyo ya "zamani" ndio mpya kuliko "fesilifti". Nimecheka mwenyewe nikiwa nimekaa kiti cha nyuma cha gari ya watu.

DadaPlagi:
😂😂😂 na alitaka umuongezee hela juu.

KotiLaGrisi:
Sasa jiulize kwa nini taa na bampa zilibadilishwa. Inawezekana alipenda tu urembo, inawezekana pia gari iligonga mbele akaona akinunua vifaa anunue vya sura mpya kabisa. Fungua boneti angalia vichwa vya bolti za mafenda na bawaba za boneti, rangi ikiwa imechubuka kwenye bolti maana yake zimeshafunguliwa. Angalia na ile nguzo ya mbele inayoshika rejeta kama imenyooka.

MzeeWaSpana:
Na kwa kuwa zote ni M271 basi vipimo ni vile vile, sahau sura. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, shika injini na mkono iwe ya baridi. Iwashe ukiwa umesimama mbele boneti wazi. Ukisikia mlio wa kukwaruza kama krrr sekunde za mwanzo halafu ukapotea, hiyo ni taimingi cheni imevutika au gia za kamshafti, ile shafti ya kufungua valvu, zimelika, cheni yake ni nyembamba na haipendi oili iliyochelewa kubadilishwa. Muuzaji atakwambia "Benz zote zinalia hivyo asubuhi", hazilii.

Kisha mbele ya kichwa cha injini kuna sumaku mbili za kamshafti. Chomoa plagi zake uangalie ndani, kavu ni salama, ukikuta oili jua imeshaanza safari ndani ya waya kuelekea kwenye kompyuta ya injini, kama alivyosema Koti kule kwenye gia. Wanauza kipande cha waya cha kuweka kati ili oili iishie hapo, ila kama imeshafika kwenye kompyuta kipande hicho hakikusaidii kitu. Mwisho angalia mipira ya hewa chini ya supachaja, inapasuka kwa uzee na gari inakuwa inatetemeka sailensa.

Tofauti ya farasi 143 na 163 utaihisi ukipanda mlima na watu wanne ndani, kwenye barabara tambarare peke yako sidhani.

Chuma_Chakavu:
Silva imewaka kimya, plagi za sumaku moja kavu kabisa, nyingine ina unyevu kidogo tu kwenye pini sio wa kutiririka. Kutu ipo kidogo mlango wa nyuma kulia. Kwenye nyeusi bolti za fenda la kushoto zimechubuka na nilipouliza akasema "hiyo ni ya kiwandani".

DadaPlagi:
Ya kiwandani 😂 basi chukua silva, hiyo sumaku yenye unyevu badilisha na uweke kipande cha waya wiki hiyo hiyo usingoje.

fesi_mpya:
Kwa hapa nakubali, silva. Taa utabadilisha baadaye ukitaka sura 😂

mpita_njia77:
Samahani kudandia uzi wa mtu. Na ile ya milango miwili je, ile kupe, nayo ina fesilifti?

MzeeWaSpana:
Kumbe Toyota ilikuwa geresha 😂 Ipo, inaitwa CL203, nayo ilirekebishwa 2004 kama sedani. Halafu 2008 wakaileta tena kwa jina la CLC ikiwa na uso unaofanana na W204, watu wakanunua wakidhani ni W204 ya milango miwili. Chini ni CL203 ile ile. Ukiona CLC inauzwa na mtu anakusifia "hii ni W204" mvutie mkanda.