Mjadala: Kuku wa kisasa anadungwa homoni, au tunamsingizia?

Jamani, hapa Unguja kila maskani na kila kikundi cha WhatsApp habari ni moja: kuku wa kisasa anadungwa homoni, ndiyo maana wiki 5 au 6 tu yuko sufuriani, ndiyo maana vijana wa kiume wanaota matiti. Mimi nakataa, na nataka tubishane kwa hoja.

Nakiri maneno haya yana asili. Marekani, miaka ya 1940 na 1950, majogoo walipachikwa kidonge cha DES, estrojeni (homoni ya kike) ya kutengenezwa, chini ya ngozi ya shingo. Korodani zikasinyaa, mafuta yakajaa mwilini. Mwaka 1959 wakasimamisha kwa kuku. Ng'ombe wa huko mpaka leo wapo wanaowekewa homoni za estradioli na trenboloni sikioni ili wajaze misuli, jambo ambalo Ulaya imelipiga marufuku tangu miaka ya 1980.

Sasa tuje kwa kuku wetu wa sokoni Darajani. Homoni ya kiume, testosteroni, ile ya kujaza misuli, haifichiki kwa ndege. Mwaka 1849, kule Göttingen, Ujerumani, mtaalamu Berthold aliwahasi majogoo: undu wa kichwani ukanywea, wakaacha kuwika. Waliorudishiwa korodani tumboni wakawika kama kawaida. Hata kifaranga akipakwa testosteroni kichwani, undu unakua ndani ya siku chache. Wataalamu waliutumia kama kipimo cha homoni. Basi mtazameni kuku wa kisasa siku ya kuchinjwa: mwili mkubwa, undu mdogo, na analia kama kifaranga. Homoni hiyo imepita wapi?

Ukubwa wake ni mbegu. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kilifuga mbegu ya 1957 na ya 2005 kwa chakula kile kile. Siku ya 56, ya zamani ilikuwa na gramu 905, ya 2005 gramu 4,202.

Kinachoniuma ni kwamba kinamama wafugaji wanaharibiwa biashara kwa jambo lisilokuwapo, na la kuuliza hatuliulizi: antibayotiki. Kuku akipewa dawa leo akachinjwa kesho, kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti hazijatimia, mabaki yake tunayala sisi na watoto wetu. Hilo ndilo la kumbana nalo muuzaji.

Anayepinga karibu, ila atutajie: homoni gani, anadungwa akiwa na siku ngapi, na nani kaiona chupa yake kwa macho. “Nimesikia” siipokei.