MREJESHO: Njia ya miguu na baiskeli mtaani, mita 400

Wakuu, niliuliza hapa namna ya kuwashawishi wakazi wa mtaa wetu, pembezoni mwa Dar es Salaam, wakubali njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Ahsanteni sana, imejengwa.

Kilichosaidia zaidi ni ushauri wa kupiga mambo (vigingi) na kumwaga chokaa njia itakapopita kabla ya mkutano mkuu wa mtaa. Hofu ya kumegewa viwanja iliisha watu walipouona mstari kwa macho.

Moramu (kifusi cha changarawe cha kujengea njia): urefu mita 400 × upana 2.5 × unene 0.15 ni mita za ujazo 150. Ongeza asilimia 30, maana hupungua ikishindiliwa. Tipa 20 za mita za ujazo 10. Tulimwagia maji, tukashindilia tabaka mbili, upande wa mtaro ukiwa chini kwa sentimita 5.

Kilichokwama: nguzo ya zege katikati inazuia magari na bajaji, lakini bodaboda zinapenya. Na tuliyempuuza ni aliyesema tuweke kalavati (bomba la kupitisha maji chini ya njia) bondeni kwanza. Masika ilikata mita 12 hapohapo. Tumeanza kuchangishana tena, kalavati ndiyo ya kwanza.