Koki mpya ya tangi inatona kwenye elbo: silikoni itafaa?

MkaaziFuoni

Asalaam aleykum ndugu zangu. Naomba msaada kwa wanaozijua kazi za paipu.

Tangi ni la lita 1000, liko juu ya mnara wa matofali wa mita 3. Koki ya zamani ya inchi 1, pale maji yanapotokea ubavuni karibu na kitako cha tangi, ililiwa na kutu mpaka ikawa haifungi. Nimeibadilisha mwenyewe. Nimeweka koki ya shaba ya kuzungusha, kisha elbo (kiungo cha kona) ya PPR 32, ile plastiki ya kuchomea ya milimita 32, yenye uzi wa nje wa shaba wa inchi 1, na paipu ya PPR inateremka mpaka chini. Uzi wa elbo nimeuzungushia tepu nyeupe mara 5. Nilipoikaza, mdomo wa elbo ukapita kidogo, haukuangalia chini sawasawa. Nikairudisha nyuma kama robo mzunguko, halafu nikachomea paipu.

Sasa linadondoka tone moja kila sekunde 3. Nimeisukuma elbo kwa mkono ili ikaze, matone yamezidi. Nipake silikoni kwa nje, au nifungue upya?

FundiWete

Waaleykum salaam kaka. Silikoni weka pembeni. Haishiki kwenye maji, na hapo maji hayatakauka madhali tangi lina maji.

Kabla hujagusa kitu, hakikisha yanatokea wapi. Futa koki yote ikauke, kisha funga karatasi ya chooni sehemu tatu: penye uzi wa tangi, shingoni chini ya gurudumu, na penye uzi wa elbo. Maji hutambaa juu ya shaba yakadondokea pengine kabisa, ukaja ukalaumu elbo kumbe ni shingo. Ikirowa ya shingoni, kaza ile nati iliyo chini ya gurudumu kidogo tu, sehemu ya nane ya mzunguko, basi. Halafu funga koki. Kutona kukikoma, kosa liko mbele ya koki, yaani kwenye elbo. Kukiendelea, liko upande wa tangi au shingoni.

Kwa maelezo yako nina yakini ni elbo, na sababu umeitaja mwenyewe: umeirudisha nyuma. Tepu hii huziba kwa kubanwa kwenda mbele tu. Ukirudisha hata kidogo, inabaki njia nyembamba baina ya meno ya uzi, na tepu haijai tena kuiziba. Tena fikiria, hapo kwenye koki presha ni ndogo mno. Kila mita moja ya maji juu yake ni kama ba 0.1 (ba ni kipimo cha presha), na tangi lako lina urefu wa mita moja na kitu. Maji yanayopenya kwa presha hiyo yana mlango wazi. Na mara 5 ni chache kwa uzi wa inchi 1.

MkaaziFuoni

Nimefanya ulivyosema. Imerowa karatasi ya elbo peke yake, na nikifunga koki kunakoma. Lakini paipu nishaichomea, elbo haizunguki. Nifanyeje?

FundiWete

Hapo kata. Jambo jema ni kuwa koki yako inafunga, kwa hivyo huna haja ya kumwaga lita 1000.

Utahitaji yunioni moja ya PPR 32 (kiungo cha vipande viwili vinavyobanwa kwa nati), kipande cha paipu, elbo mpya ikiwa uzi wa hii umekwaruzika, na mashine ya kuchomea ya kukodi. Funga koki, fungua mfereji ulio chini kabisa maji ya kwenye paipu yatoke, kisha kata paipu kama sentimita 15 chini ya elbo. Yunioni ikae hapo, ili siku nyengine ufungue kwa spana bila ya kukata.

Kufungua elbo tumia spana mbili. Moja ishike koki kwenye pembe sita zilizo upande wa elbo, ya pili izungushe elbo. Usipoishika koki, itazunguka nayo na kulegeza uzi wa upande wa tangi, hata ile mpira ya ndani ya tangi ikapinda. Ukifika huko ndipo utakapolazimika kulimwaga tangi.

Safisha uzi wote kwa brashi ya waya. Geuza uzi ukuangalie, zungusha tepu ukifuata mwendo wa saa, ukiivuta ijae kwenye meno. Hizi tepu nyembamba za kawaida zinataka mara 12 hadi 15. Jino la kwanza liache wazi, vyenginevyo vipande vya tepu vitaingia kwenye paipu na kuziba mifereji. Kaza kwa mkono mpaka igome, kisha kwa spana, na usimame mdomo unapoangalia chini. Ukiona umepita, usirudishe! Fungua, toa tepu yote, anza tena na mizunguko miwili pungufu au zaidi.

BintMwera

Naongeza kwa FundiWete: kwa elbo ambayo lazima isimame pembe fulani, mimi naona katani na mafuta yake ya uzi ni bora kuliko tepu. Katani huvimba ikirowa, kwa hivyo inavumilia kurudishwa nyuma kidogo. Kwanza kwaruza meno ya uzi kwa msumeno wa chuma ili nyuzi zishike, kisha zungusha nyuzi chache tu upande ule ule wa saa. Ila ni kwa uzi wa shaba ndani ya shaba. Kwenye soketi ya plastiki katani nyingi huipasua.

Na kuchomea: mashine isome nyuzi joto 260. Paipu ya 32 weka alama milimita 18 kutoka mwisho, pasha sekunde 8 paipu na yunioni kwa pamoja, ziunganishe moja kwa moja bila ya kuzungusha, shikilia sekunde 6, kisha iache dakika 4 usiiguse. Ukisukuma kupita alama, plastiki iliyoyeyuka hujikusanya ndani na kubana njia ya maji. Yunioni ifungue kwanza na utoe mpira wake, usije ukaungua. Huko juu ya mnara upepo ni mkali, mwenzako akukinge kwa kipande cha boksi, maana plastiki hupoa kabla hujaiunganisha.

Mjukuu_wa_Makunduchi

Kuna jambo hamjaligusa, nalo litamrudisha kaka yetu pale pale. Paipu hiyo iko juani. PPR hurefuka kama milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa mita 3, baina ya alfajiri na saa nane mchana, tofauti ikiwa nyuzi 30, inarefuka milimita 13 na nusu. Ikiwa umeibana ngangari kwenye ukuta juu na chini, kila siku inaisukuma na kuivuta ile elbo, na hata uzi uliofungwa vizuri utalegea. Klipu za katikati ziiache paipu iteleze, na chini kabla ya kuingia ndani weka kona yenye mkono wa nusu mita ili ipate pa kucheza. Halafu ifunike au ipake rangi nyeupe ya maji, kwani jua huigeuza PPR ikawa kavu na kupasuka.

Na hiyo koki, ikwaruze kidogo kwa tupa mahali pasipoonekana. Ikiwa njano mpaka ndani ni shaba. Ikitoka kijivu, hiyo ni zinki iliyopakwa rangi, na kwa hewa yetu ya chumvi haitakaa.

FundiWete

Hilo la jua ni kweli kabisa. Kaka, ukimaliza fungua koki polepole, toa hewa kwa mfereji wa chini, kisha funga karatasi kavu kwenye elbo na yunioni. Itazame baada ya saa moja, na tena kesho yake saa nane mchana jua likiwa kali.

MkaaziFuoni

Nimeelewa, shukrani. Nakwenda Mwanakwerekwe kutafuta yunioni na katani.