Ziara ya wanafunzi Pwani: Mombasa pekee, au tufike Malindi na Lamu?

Mwalimu wa Kisumu: Habari zenu, ndugu. Likizo ya Agosti nitawapeleka Pwani wanafunzi wa chama cha historia. Bahari wataiona, ila nia yangu hasa ni wazione alama za Wareno na Waingereza, kwa kuwa hapa Kisumu wanaishi penye ncha ya reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, ilhali upande ule wa pili hawaujui kabisa. Muda wetu ni mfupi. Mnanishauri vipi?

Mzee wa Nakuru: Mwalimu, ipe Fort Jesus asubuhi nzima. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi walipoitwaa mwaka 1698, na katikati ya mzingiro huo meli ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná ikazama mbele ya ngome. Vitu vilivyoopolewa humo vimo katika makumbusho, pamoja na michoro ambayo mabaharia waliichora ukutani. Baadaye Waingereza waliigeuza kuwa gereza hadi mwaka 1958, jambo ambalo waongozaji wengi hulipitia mbio mno, kwa hiyo uliza wewe mwenyewe. Ukitoka hapo, shuka na vijana kwa miguu hadi Ndia Kuu, Mji wa Kale, kabla jua halijawa kali.

Dada wa Kakamega: Shikamoo Mzee. Ngome sina pingamizi nayo, lakini tukiishia hapo vijana watadhani kwamba ukoloni ulikuwa mizinga tu. Mwalimu, wapeleke Kengeleni, wakaione kengele ya Freretown, makazi ambayo wamisionari wa Kianglikana waliyaanzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kisha mpande Rabai, alikoweka misheni Johann Ludwig Krapf mwaka 1846. Rabai inatuhusu sisi watu wa magharibi kuliko tunavyodhani: Askofu James Hannington alitokea huko mwaka 1885, akapita Mumias, na kuuawa Busoga.

Mkaazi wa Milimani: Mwalimu, Lamu iache. Ni mji wa kutulia, na safari yake ya barabara itakula muda wote ulio nao. Malindi inafikika kwa siku moja kutoka Mombasa, lakini waandae wanafunzi mapema: nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga huko mwaka 1498, ni ndogo, na asiyejua habari zake ataiona kama chokaa na msalaba tu. Mkiwa njiani piteni Gede. Si magofu ya wakoloni, na ndiyo sababu ninayataja, maana misikiti na kasri lake vilikuwapo kabla Mreno yeyote hajaiona pwani hii. Fuateni mpangilio huo, Gede kwanza, halafu nguzo. Vilevile beba barua ya shule, kwa sababu viingilio vya wanafunzi ni nafuu.