Waranti ya maisha, kisu kibovu: hawa wenye viwanda vya visu vya kukunja wanatuchukuliaje?

Wakuu, salaam. Leo sina utani.

Mimi ni mpenzi wa visu vya kukunja vya kizamani, vile visivyo na loki, mpini wa mfupa, springi mgongoni. Niko huku Marekani, nikajichanga, nikaagiza kimoja cha kampuni kongwe (jina nalihifadhi) kwa zaidi ya dola 100. Kimefika, nakiinua dirishani, naona mwanga unapenya kati ya springi na bati la shaba la ndani. Mwanga, kwenye kisu kipya! Bapa linacheza kushoto kulia hata likiwa limefunguka kabisa. Ukikifunga, ncha haizami kwenye mpini. Tia mkono mfukoni kutafuta funguo uone, unatoka na damu.

Kinachoniuma zaidi ni makali. Kwenye visu hivi springi ndiyo kila kitu: ndiyo inayolishika bapa likiwa wazi, ndiyo inayolivuta likifungwa. Kwa hiyo pale shinani mwa bapa huachwa kinundu cha chuma kinachotua juu ya springi, ili makali yasiifikie. Kwenye changu, kinundu hicho wamekisaga kupita kiasi. Kila kikijifunga, "ta!", makali yanagonga springi, na pale yanapogonga pamekuwa butu kabisa. Unanoa leo, kesho butu.

Nikadai waranti. "Ya maisha", ila posta ya kukirudisha unalipa mwenyewe. Wiki zinakatika, simu haipokelewi, barua pepe inajibiwa na mashine. Hatimaye kimerudi. Ncha imezama, kweli, kwa sababu wameisaga na bapa limepungua urefu! Mpini wameupiga polishi mpaka michirizi ya mfupa imefutika. Kucheza, kinacheza vilevile. Na kikaratasi juu: kiko ndani ya vipimo vya kiwanda. Vipimo gani hivyo vinavyopitisha mwanga?

Na asije mtu na ile hoja ya "kimetengenezwa kwa mkono, kila kimoja kina tabia yake". Mafundi wa Sheffield, ule mji wa visu kule Uingereza, karne ya 19 walikuwa wanaunganisha visu kwa nyundo na tupa, na kazi zao mpaka leo watu wanazigombania minadani. Victorinox, wale watengeneza visu wa Uswisi, wako kazini tangu 1884, na kile chekundu chao cha bei chee kinafunga vizuri kuliko hili dubwana langu.

Hawa hawakagui, basi. Ukaguzi wamemwachia mteja: asiyejua visu anakaa kimya, anayejua anarudisha kwa nauli yake, na wao hesabu zao zinakaa sawa.

Sasa naomba kujua: kuna aliyewahi kuwabana watu wa namna hii wakarudisha hela, badala ya kukiita kisu kiwandani tena? Mlianzia wapi? Wale wa "si ununue panga tu", piteni kimya.