Ultrasaundi imeonyesha utumbo wa mtoto uko nje, upasuaji wake ukoje?

Baba_mtarajiwa:
Wakuu habari za humu. Wife ana mimba ya wiki 26, juzi tumeenda kupiga ultrasaundi huku mkoani, daktari akawa anazungusha tu kile kifaa kimyaa halafu akasema utumbo wa mtoto unaelea nje ya tumbo. Kwenye karatasi kaandika gastroskisisi akatuambia tujiandae kisaikolojia, sasa kujiandaa kisaikolojia ndo nini? Mama mkwe anasema ni ngiri ya kitovu tu, akizaliwa afungwe sarafu itarudi. Mwenye uelewa anisaidie, wanafanyaje upasuaji, mtoto anapona? Na ni lazima azaliwe kwa kisu?

Nesi wa zamu ya usiku:
Pole sana kaka. Mwambie mama mkwe kwa heshima zote sarafu aziweke mbali. Ngiri ya kitovu imefunikwa na ngozi na nyingi hujifunga zenyewe kabla mtoto hajafika miaka 4 au 5, hii yenu ni kitu kingine kabisa. Gastroskisisi ni tundu pembeni ya kitovu, mara nyingi upande wa kulia, utumbo unatoka bila kufunikwa na chochote, unakaa kwenye maji ya uzazi miezi yote hiyo ndo maana mtoto akizaliwa unaukuta umevimba na umeshikana shikana. Kuna nyingine inaitwa omfalosili, hapo utumbo na wakati mwingine ini vinatokea kwenye kitovu chenyewe vikiwa ndani ya utando. Rudini mkahakikishe ni ipi, kwa sababu omfalosili mara nyingi huja na shida za moyo au kromosomu (vibeba vinasaba), ila gastroskisisi kwa kawaida mtoto sehemu nyingine yuko vizuri tu.

Kuhusu upasuaji, kama utumbo unaingia wote kirahisi wanaurudisha na kufunga hapo hapo. Shida inakuja tumbo likiwa dogo, maana halijawahi kubeba huo utumbo, ukilazimisha unabana mapafu mtoto anashindwa kupumua, damu haifiki kwenye figo na utumbo wenyewe unaweza kuoza. Kwa hiyo wanatumia sailo, ni mfuko wa plastiki laini wenye ringi ya springi mdomoni. Ringi inaingizwa kwenye tundu, utumbo unakaa ndani ya mfuko, mfuko unaning'inizwa juu ya mtoto, basi kila siku daktari anaukaza kidogo kutoka juu na utumbo unashuka taratibu, siku kadhaa hadi kama wiki hivi. Mara nyingi hata nusu kaputi haihitajiki. Ukishaingia wote tundu linafungwa, na siku hizi wengine hawashoni, wanafunika na kipande cha kitovu cha mtoto mwenyewe wanabandika plasta pananywea penyewe. Sehemu ambazo sailo hakuna madaktari wameshatumia mfuko wa mkojo, mfuko wa damu, hadi kondomu ya kike. Usicheke, zinafanya kazi.

Kisu sio lazima kwa gastroskisisi, anaweza kuzaliwa kawaida.

Mama Twins_:
Sisi ilikuwa omfalosili kubwa ini likiwa ndani, hawakumpasua kabisa mwanzoni. Walikuwa wanapaka krimu ya silva kwenye ule utando mpaka ukakauka na ngozi ikaota juu yake, ukuta wa tumbo wakaja kuushona baadaye akiwa anatembea. Kilichotaka kumuua ni pale tulipozalia, walimfunga gozi (vile vitambaa vya kufungia vidonda) zilizoloweshwa maji tukapanda ambulensi, kufika rufaa mtoto wa baridi kama samaki.

mkweli_daima:
Sio kumkatisha tamaa ila mwambieni ukweli, huku kwetu wengi wanakufa. Kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet 2021, wenye gastroskisisi nchi maskini walikufa 9 kati ya 10, nchi za kipato cha kati 97 kati ya 304, nchi tajiri 2 kati ya 139.

Nesi wa zamu ya usiku:
Ni kweli mkuu, japo hao wa nchi maskini walikuwa 10 tu. Lakini soma hizo namba vizuri, tundu ni lile lile kila mahali. Wanakufa kwa baridi, kwa kupungukiwa maji, kwa maambukizi, na kwa kukosa lishe ya mshipani maana utumbo unaweza kugoma kufanya kazi wiki kadhaa hata kama upasuaji umeenda vizuri. Ndo maana namwambia kaka hivi, hamisha mama mapema akazalie penye bingwa wa upasuaji wa watoto, mfano Muhimbili, usisubiri uchungu.

Ikitokea kazalia njiani: mtoto aingizwe kwenye mfuko safi wa plastiki kuanzia miguu mpaka kwapani, alazwe ubavu wa kulia utumbo usijikunje, apate joto, dripu na mpira wa kutoa uchafu tumboni, asinyonyeshwe. Gozi za maji hapana, Mama Twins kashasema.

Baba_mtarajiwa:
Nashukuru sana dada, hii ndo nilikuwa naitafuta. Dar nina shangazi yupo Mbagala, tutashukia kwake wiki ya 34. Sasa kama hanyonyi wiki zote hizo maziwa ya mama si yatakauka?

Nesi wa zamu ya usiku:
34 umechelewa, hawa wengi huwahi kuzaliwa, kaonane nao sasa hivi wakupangie wao. Maziwa akamue tangu siku ya kwanza, kila masaa matatu hata usiku, na muulize wodini yanahifadhiwa wapi. Utumbo ukiamka wanaanza na matone tu kwa mpira, na maziwa ya mama ndo yanayotakiwa.

Mama Twins_:
Na beba kofia na soksi za mtoto nyingi, wodini zinapotea balaa.