Gumzo la kikundi «Wana wa Nguba»: Corolla ya Baba

06:12, Yaya Furaha: Nawasalimu nyote. Jumamosi tunashuka Kamanyola kwa mahari ya Esther, na kabla ya siku hiyo nataka tuamue jambo moja: Bahati aendelee kuitengeneza Corolla ya marehemu Baba peke yake pale uani, au tuikabidhi kwa fundi? Naomba kila mtu aandike jibu, asitume kidole gumba.

06:40, Bahati: Yaya, gari ni la mwaka 1996 na motere yake bado inawaka mara moja.

07:55, Deo: Inawaka, ndiyo, lakini mlango wa nyuma unafunguka tukikata kona ya Nyawera. Siku ile Shangazi alikaribia kushuka kabla hatujafika.

07:56, Neema: Na alikuwa ameshika sufuria ya sombe!

08:03, Yaya Furaha: Sikuuliza habari ya mlango wala ya sombe. Bahati, eleza ile pedali, kwa maana jana nilikaa mbele nikaona mguu wako ukizama.

08:30, Bahati: Ni kweli kwamba nikiikanyaga na kuishikilia inashuka polepole hadi chini, ilhali hakuna tone linalovuja kwenye magurudumu. Maana yake mipira ya ndani ya silinda kuu ya freni imechoka, na nitaifunga mpya Ijumaa.

09:10, Shemeji Patrick: Shemeji, motere ikizimika tutasukuma, lakini freni zikikataa kwenye mteremko wa Ngomo hakuna wa kusukuma. Mafuta ya freni huvuta unyevu wa hewani: aina iitwayo DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, ila ikishanyonya maji inaweza kuchemka hata kwenye 140, na yakichemka pedali inabaki tupu. Tena nilipoinama chini ya gari, bisibisi ilipenya kutu pale springi ya nyuma inapoegemea, na hapo si mahali pa kuchomelea juu ya kriki na matofali.

09:14, Bahati: Gereji mnayoisifu ndiyo iliyotoa alternata mpya ya Baba ikarudisha kuukuu, na aliyetupeleka huko tunamjua.

09:15, Yaya Furaha: Hilo usilifufue. Nililipa mimi, na fedha hizo hazijarudi hadi leo.

09:20, Neema: Na aliyeondoka na redio ya gari siku ya matanga anatusoma humu kimya.

12:47, Baba Mkubwa: Wanangu, nimesoma yote. Mdogo wangu alilitunza gari hilo kwa mikono yake, lakini kila mara alipozitilia shaka freni alikwenda Kamanyola kwa basi, nami nilikaa naye ndani ya basi hilo. Jumamosi gari hilo halitabeba mtoto wa mtu. Bahati, niletee ufunguo kesho.

12:50, Bahati: Nimesikia, Baba Mkubwa.

13:02, Yaya Furaha: Asante, Baba Mkubwa. Basi la kutupeleka Jumamosi nitalitafuta mimi. Sasa nani anamlipa fundi, na gharama ya kuchomelea ikizidi bei ya gari lenyewe, tuliuze zima au tuliuze vipuri? Nangoja majibu kabla ya jioni.

19:38, Deo: Nilikuwa kazini. Nitatoa nusu, iwapo nusu nyingine itatoka kwa mwenye redio.

20:05, Mama Mdogo: Watoto, Jumamosi tunaondoka saa ngapi?

21:16, Bahati: Silinda nimeshainunua Kadutu na muuzaji harudishi fedha. Ufunguo nitauleta, Baba Mkubwa, ila gari litafikaje kwa fundi bila freni, msiponiruhusu niifunge kwanza?

21:18, Yaya Furaha: Fundi atakuja uani. Nani ana namba yake?